Uzinduzi wa Vijidudu wa Mto Lubanji

Ipo nchi moja ambayo sitaitaja jina. Msidhani naogopa. Jina lipo, lilichaguliwa zamani na kamati ya watu arobaini na mmoja, likachongwa kwenye jiwe, na jiwe likafunikwa kitambaa. Tatizo ni kwamba kitambaa hakijavutwa, kwa kuwa mgeni rasmi hajapata nafasi. Na katika nchi hiyo, kitu ambacho hakijazinduliwa bado hakijawa kitu.

Hiyo ndiyo sheria mama. Lipo daraja lililokamilika miaka saba iliyopita, na watu bado wanapita chini yake, maji kiunoni, viatu kichwani, huku mbuzi wamejilalia juu yake kwa raha zao, maana mbuzi hawasomi Gazeti la Serikali. Mwaka mmoja mvua za masika zilinyesha siku tatu kabla ya Uzinduzi wa Masika. Mkurugenzi wa Hali ya Hewa aliitwa kujieleza, akashindwa, akahamishiwa jangwani, ambako hawezi kurudia kosa.

Hata uchafu wa Mto Lubanji ulifuata utaratibu. Bomba la mafuta la taifa lilipasuka juu ya mto huo miaka kumi na mmoja iliyopita. Mafuta yakateremka na maji, yakashikana na mchanga, yakazama, yakalala kwenye tope la chini kama mgonjwa asiye na wa kumgeuza. Wananchi walilalamika. Wakajibiwa kwa upole kwamba mafuta hayo yamemwagika bila kuzinduliwa, kwa hiyo kisheria hayajamwagika. Ilichukua miaka minne ya barua mpaka naibu waziri mmoja akaja, akakata utepe mweusi, akatangaza kwamba uchafu umeanza rasmi. Watu walipiga makofi. Wengine walitokwa na machozi ya furaha.

*

Siwema Kalinga alikuwa na miezi minane tangu ahitimu chuo kikuu, na bado aliamini kwamba serikali ikielezwa jambo vizuri italielewa. Wizara ilimpeleka kwenye kijiji cha Vyunguni, kando ya Lubanji, na kumpa kibanda cha mabati, hadubini moja, mapipa matatu na barua ya kumtambulisha kwa mtu aliyekwisha kufariki.

Kazi yake ilikuwa hii. Katika tope la mto wapo bakteria, vijidudu wadogo wasioonekana kwa macho, ambao chakula chao ni mafuta. Wanayala, wanayavunja, wanabakiza maji na hewa. Lakini chini ya mto wamebanwa. Hewa haiwafikii, na hawana mbolea ya kuwapa nguvu. Siwema alichukua tope kidogo, akawakuza vijidudu ndani ya mapipa yake, akiwalisha mbolea na matone ya mafuta, pampu ndogo ikiwapulizia hewa mchana kutwa na usiku kucha. Baada ya wiki sita mapipa yalikuwa yamejaa maji ya rangi ya chai ya maziwa, na kila akitazama kwenye hadubini aliwaona wanavyohangaika, moyo ukamlainika kama wa mama aliyefungua mlango wa chumba cha watoto.

Ilibaki wiki tano masika yafike. Mto ulikuwa umepungua, tope liko wazi, ni wakati wa kuwatia vijidudu. Mvua zikitangulia, mafuriko yangelizoa tope lote na mafuta yake mpaka bondeni, kwenye visima vya watu, na huko hakuna bakteria ambaye angeweza kulifuata. Siwema aliandika barua ya kuomba kuanza.

Jibu lililetwa na mtu mzima, Bwana Sufiani Mtandika, Afisa Itifaki Mkuu wa Wizara ya Mito, Vijito na Mambo Yanayotiririka. Alikuwa mnene, mpole, na suti yake ilikuwa na mfuko maalumu wa mkasi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, binti. Hawa wafanyakazi wako wako wapi?"

Siwema akamwonyesha mapipa. Bwana Mtandika akachungulia, akarudi nyuma hatua mbili.

"Ni wangapi?"

"Katika tone moja tu wapo mamilioni, mzee."

"Mamilioni!" Akatoa daftari. "Na viti je? Siku ya uzinduzi watakaa wapi?"

"Hawahitaji viti. Wanakaa humo humo."

"Na sasa hivi wanafanya nini?"

"Wanakula mafuta."

Bwana Mtandika akafunga daftari taratibu, kama mtu aliyesikia habari za msiba. "Binti, unaniambia mimi, ana kwa ana, kwamba wameanza?"

"Ni matone machache tu, mzee. Wasipokula watakufa."

"Kuanza kabla ya kuanzishwa ni kosa la jinai. Mimi nina watoto, sijasikia. Lakini waambie wasubiri."

"Hawasikii, mzee. Hawana masikio."

"Hata wananchi tunawaambia hivyo hivyo," alisema Bwana Mtandika, "na wanasubiri."

Tarehe ikapangwa, ikasogezwa, ikasogezwa tena. Waziri alikuwa na ratiba ngumu: wiki ya kwanza alizindua ratiba yenyewe, ya pili alizindua mkasi mpya, ya tatu alikuwa nje ya nchi akijifunza kuzindua kwa Kifaransa. Siwema aliendelea kuwalisha vijidudu wake kwa siri, tone kwa tone, akitazama mawingu.

*

Waliokuwa wakimtazama yeye ni wanawake wa Vyunguni. Kijiji hicho kilipata jina kwa kazi ya kufinyanga. Tangu enzi za bibi zao, wanawake walichimba udongo kwenye kona ya mto, wakafinyanga vyungu vilivyosifika nchi nzima, hata wakwe wakavidai kwenye mahari. Mafuta yalipozama kwenye ule udongo, sifa ikazama nayo. Chungu kilichotiwa tanuruni kiliwaka chenyewe kama kibatari. Kisichowaka, maharage yake yalinuka gereji. Wasichana walikuwa wanahamia kwenye kuuza ndoo za plastiki, na waliobaki wanajua kulainisha mdomo wa chungu kwa kokwa la embe walikuwa Bi Nyamizi na wenzake saba, wote wenye mvi.

Bi Nyamizi alizoea kupita kibandani asubuhi, mkono kiunoni.

"Hawajambo wanao?"

"Hawajambo, mama. Wanasubiri mgeni rasmi."

"Eti na wao! Sisi tulidhani tunasubiri peke yetu. Na hao wadudu umewaleta kutoka nchi gani?"

"Ni wa hapa hapa, mama. Nimewatoa kwenye tope lenu."

Bi Nyamizi akatazama mto, akamtazama msichana. "Kumbe. Miaka yote hii wako chini pale, wana njaa ya mafuta, na mafuta wanayo mdomoni?"

"Wamebanwa. Hawapati hewa."

"Haya basi. Nami namjua aliyewabana," alisema Bi Nyamizi, akaondoka na kicheko chake cha puani.

*

Hatimaye Waziri akapata nafasi: Alhamisi, saa nne asubuhi. Jumatano lilikuja lori jeupe, likateremsha vijana kumi na wawili waliovaa nguo nyeupe, miwani mikubwa na mabuti, kila mmoja amebeba bomba la dawa mgongoni. Kilikuwa Kikosi cha Usafi wa Itifaki. Itifaki inasema, ukurasa wa tisa, kwamba mahali atakapokanyaga Mheshimiwa Waziri pasiwe na kijidudu cha aina yoyote.

Siwema alikuwa ameitwa wilayani siku hiyo kufanya mazoezi ya kumkabidhi Waziri mkasi, kwa mkono wa kulia, bila kumtazama usoni. Aliporudi alasiri, harufu ya dawa ya chooni ilimpokea kabla hajafika kijijini. Majani yalikuwa yamepigwa dawa. Mawe yalikuwa yamepigwa dawa. Kuku wa jirani alikuwa anapiga chafya. Mlango wa kibanda ulikuwa wazi, na kando ya mapipa yalikuwapo madumu matupu matatu ya lita ishirini.

Kiongozi wa kikosi alimpigia saluti, jasho linamtiririka. Alikuwa kijana mzuri, mwenye bidii.

"Dada, hapa ndipo palikuwa pabaya kuliko pote. Tulipima, tukakuta vijidudu kupita kiasi! Kila pipa tumelimiminia dumu zima. Hakuna hata mmoja aliyebaki. Unaweza kunywa."

Siwema aliingia ndani. Aliweka tone chini ya hadubini. Mahali palipokuwa na pilikapilika kama za soko siku ya gulio, palikuwa pametulia kama soko siku ya maziko. Akajaribu pipa la pili. Akajaribu la tatu. Kisha akakimbia kumtafuta Bwana Mtandika, aliyekuwa akipima kwa kamba umbali kati ya zulia na kiti cha Waziri.

"Mzee, wamekufa!"

"Nani?"

"Vijidudu! Kikosi kimewaua wote!"

"Wote kabisa?" Bwana Mtandika akashusha pumzi. "Alhamdulillahi. Nilikuwa na wasiwasi wasije wakamsogelea Mheshimiwa."

"Lakini ndio wa kuzinduliwa kesho!"

Afisa Itifaki Mkuu alifikiri. Hakuwa mtu mbaya. Alimwonea huruma binti huyu mwenye macho mekundu, akamketisha kwenye ukingo wa jukwaa.

"Hebu nijibu polepole. Wakiwa hai, wanaonekana?"

"Hapana, mzee."

"Wakiwa wamekufa, wanaonekana?"

"Hapana."

"Sasa, mwanangu, unalia nini?"

*

Uzinduzi ulifana. Bendi ilipiga, na watu waliambiwa wasimame dakika moja kwa heshima ya vijidudu, wakasimama. Waziri alipanda jukwaani, akarekebisha kipaza sauti.

"Ndugu wananchi! Wenye wivu walisema mto huu hautasafishwa. Leo nawauliza: wako wapi?" Akanyoosha kidole kwenye mapipa. "Hawa ni vijidudu wazalendo! Hawana mgomo! Hawana chama! Hawadai marupurupu! Nimechungulia ndani ya pipa, na niwaambie ukweli, nimeona ari. Nimeona nidhamu ya hali ya juu. Hakuna aliyetikisika!"

Makofi.

"Nawaagiza, ndani ya siku tisini, tope lote la Lubanji liwe safi. Atakayezembea, awe mkubwa awe mdogo kiasi gani, tutamwona!"

Akakata utepe. Mapipa yakapinduliwa, maji yakamwagika mtoni na dawa yake. Muda si muda samaki watatu wakaelea juu, tumbo wazi, samaki waliokuwa wamestahimili mafuta kwa miaka kumi na mmoja. Bwana Mtandika akanong'ona kwa mpiga picha kwamba wamekuja kushuhudia.

Siwema alibaki pale mpaka viti vyote vilipopakiwa. Alikuwa na miaka ishirini na minne, na kwa mara ya kwanza alihisi uchovu ambao usingizi hauuondoi. Mvua zilikuwa zimebakiza siku kumi. Kukuza vijidudu upya kungehitaji wiki sita, na kibali kipya, na uzinduzi mpya.

Bi Nyamizi akaja akakaa kando yake.

"Lia umalize, kuna kitu nataka kukuuliza."

Siwema akapangusa uso kwa kiganja. "Nimemaliza, mama."

"Mbegu ya wale marehemu uliitoa kwenye tope letu?"

"Ndiyo."

"Uliimaliza yote?"

"Hapana. Wapo mamilioni na mamilioni humo chini. Ila nilikueleza, mama, hawana hewa, hawana mbolea."

"Samadi ya mbuzi si mbolea?"

"Ni mbolea."

"Na jembe haliingizi hewa?"

Chuoni Siwema alifundishwa mapipa na pampu, kwa sababu mapipa na pampu ndivyo vilivyokuwa kwenye picha za vitabu. Lakini alikuwa msichana mkweli, na swali lilikuwa zuri. Akaanza kuhesabu kwa sauti: tope likitolewa mtoni likapandishwa juu ya ukingo, mafuriko yasipofika, likichanganywa na samadi na pumba za mpunga ili lisishikane, likiwekwa matuta, likinyunyiziwa maji, likigeuzwa mara mbili kwa wiki…

"Kama matuta ya viazi," alisema Bi Nyamizi.

"Kama matuta ya viazi. Lakini mama, halijazinduliwa. Tutakamatwa."

"Kwa lipi? Sisi tunachimba udongo wa kufinyangia. Jambo hilo lilizinduliwa na bibi zetu, nchi haijapata hata jina."

*

Wanawake wanane na msomi mmoja hawawezi kuhamisha mto. Walihamisha kona moja, hatua mia mbili tu, pale penye udongo mzuri. Walianza alfajiri, wakipokezana karai kwa karai, tope jeusi likiwachafua mpaka kwenye nyusi. Siwema viganja vilimchubuka, vikapasuka, vikaota sugu. Siku ya tisa jioni karai la mwisho lilipanda, na siku ya kumi mvua ikashuka, mto ukafura, ukazoa tope la sehemu zote nyingine. Wa bondeni walianza kunywa maji yenye utando wa rangi saba, na redio ya taifa ikasema ni dalili kwamba vijidudu wanachapa kazi.

Matuta ya Vyunguni yalikaa chini ya paa la makuti. Wiki ya kwanza yalinuka petroli. Wiki ya nne yalinuka petroli na mbuzi. Siwema aliingiza kipimajoto tutani, akakuta ndani ni moto kuliko nje; akaweka punje ya tope chini ya hadubini, akaona pilikapilika za soko. Hakupiga kelele. Alienda kumwita Bi Nyamizi achungulie.

"Hawa ndio wenyewe?"

"Ndio wenyewe, mama."

"Wanakula kama wanaume wa msibani," alisema Bi Nyamizi, na hakutoka kwenye hadubini kwa muda mrefu.

Mwezi wa tatu harufu ikakatika. Wakafinyanga chungu kimoja, wakakikausha, wakakitia motoni, wote wanane wamesimama mbali kwa mazoea. Hakikuwaka. Kilitoka chekundu, na Bi Nyamizi alipokigonga kwa ukucha kililia kama kengele. Siku hiyo walipika maharage, na maharage yalinukia maharage. Bibi mmoja alikula sahani mbili, kisha akaenda nyuma ya nyumba kupenga kamasi.

*

Siku tisini zilipotimia, Bwana Mtandika alikuja kuchukua ripoti. Fomu ilikuwa na sehemu saba za mto, na kila sehemu ilitakiwa kuandikwa matokeo. Sehemu sita za kwanza zilikuwa rahisi: Siwema alikuwa amepima, mafuta yako vile vile, au yamehamia kwa jirani. Sehemu ya saba ilikuwa kona ya wafinyanzi.

"Andika kwa uhuru, binti," alisema Bwana Mtandika. "Mheshimiwa ana hamu. Hata sehemu moja tu ikiwa imefanikiwa, anakuja kuizindua kesho kutwa kama Mradi wa Mfano. Kikosi cha Usafi kimeshapakia dawa, lori linanguruma."

Kalamu ya Siwema ikasimama hewani. Chuoni alikuwa amewahi kurudia jaribio moja mara kumi na saba kwa sababu tarakimu ya mwisho ilimtia shaka. Tangu aanze kusoma hajapata kubadilisha namba hata moja. Na namba ya sehemu ya saba ilikuwa nzuri kuliko yoyote aliyowahi kupata. Ingemtoa kibandani, ingempeleka ng'ambo kusoma, ingemfanya mwalimu wake alie kwa fahari. Ilikuwa kweli tupu.

Akaomba ruhusa, akatoka nje. Bi Nyamizi alikuwa anageuza tuta.

"Mama, wakijua watakuja na dawa. Nisipoandika, nimesema uongo."

Bi Nyamizi hakuacha kulima. "Uongo ni dhambi, mimi sitakutuma. Lakini mwanamke akishika mimba, mwezi wa pili anapita barabarani anatangaza?"

"Hapana."

"Wakimuuliza anasemaje?"

"Anasema hana kitu. Amekula tu vibaya."

"Na hakuna aliyewahi kumwita mwongo."

Siwema alirudi ndani. Kwenye sehemu ya saba aliandika: *Hakuna mabadiliko.* Kwa kuwa hakuzoea, herufi zilitoka mbaya.

Bwana Mtandika aliisoma ripoti kutoka juu hadi chini, uso ukamchangamka. "Sawasawa kabisa na ripoti za miaka yote iliyopita! Hongera, binti. Wenzako huwa wanatuchanganya." Akaigonga mhuri. Kisha, kwa kuwa jua lilikuwa kali, akaomba maji.

Bi Nyamizi mwenyewe ndiye aliyemletea, amechota kwenye chungu kipya kilichokaa pembeni ya mlango. Afisa Itifaki Mkuu alikunywa kata nzima, akaomba ya pili, akaishika mbele ya macho yake kama mtu anayejaribu kukumbuka jambo la utotoni.

"Maji matamu haya. Baridi kama ya kwa bibi yangu. Chungu mmekitoa wapi?"

"Mbali, baba," alisema Bi Nyamizi. "Huko ninyi hamjafika."

Bwana Mtandika akatikisa kichwa kwa masikitiko kwamba vitu vizuri siku zote hutoka nje, akapanda gari, akaenda.

Vumbi lilipotulia Siwema alikuwa bado ameshika kalamu. Aliitazama, akaiweka juu ya hadubini. Akakunja suruali mpaka magotini, akachukua karai, akashuka ukingoni mpaka pale kona inapoishia na sehemu ya sita inapoanzia. Tope la huko lilikuwa zito, na lilinuka vile vile.

"Leo umechoka," Bi Nyamizi alimwita kutoka juu. "Si uanze kesho?"

"Nimechoka, mama," alisema Siwema, akainama, akajaza karai.